Jiko Likae Nje

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema ili mtu asije akanisifu bure. Mtaani kwetu hapa Ilomba, Mbeya, wananijua kama mama mkali, mwenye mdomo, yule anayefuma masweta ya shule na kumtimua mteja akileta longolongo. Wanadhani mtu wa namna hiyo haogopi kitu. Mimi naogopa jiko la mkaa. Kila mwaka, Mei ikiisha na ule ubaridi wa kwanza wa alfajiri ukinigusa shingoni, hofu inanishika, na hainiachi mpaka kipupwe kipite na vumbi la Agosti lianze kutusumbua.

Na kazi yangu yenyewe inaishi kwa baridi. Juni na Julai ndipo wazazi wanakumbuka kwamba watoto wao wana migongo. Wanakuja mbio, wote siku moja, wote wanataka sweta la kesho. Kwa hiyo miezi inayonilisha ndiyo hiyo hiyo inayonitia kiwewe. Nimezoea kucheka na wateja huku masikio yangu yako jikoni.

Kilichonishikilia miaka yote ni kazi ndogo ya jioni. Jua likianza kuegemea mlimani nasimamisha mashine, hata kama mkono wa sweta umefika nusu. Nalibeba jiko kwa vitambaa, natoka nalo uani mpaka chini ya mpera, nalitua juu ya matofali. Narudi ndani, nafungua dirisha la kila chumba kiasi cha kupitisha kiganja. Kisha nasimama sebuleni na kusema kwa sauti, "Jiko nje." Bila kusema, silali. Nafanya hivyo Julai maji yakiwa yanauma vidole, nafanya hivyo Oktoba jasho likinitoka na jiko lenyewe halijawashwa tangu mchana, nafanya hivyo masika mwavuli ukiwa kwapani. Binti yangu alipokuwa shule alikuwa anawaambia wenzake, "Ngojeni kwanza, mama anasali rozari ya jiko." Nilimwacha acheke. Sikumwambia sababu, maana sababu ilikuwa ya mama yangu, na mama yangu mwenyewe alikuwa haijui.

Nimezaliwa Iringa, kijiji cha nyuma ya Tosamaganga. Mwanzo tuliishi nyumba ya nyasi. Moto ulikaa katikati ya chumba, tunauzunguka, moshi unapanda na kupotelea kwenye nyasi. Macho yalituwasha lakini asubuhi tuliamka wazima. Halafu baba akapata mabati. Akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, akapiga lipu ndani na nje, akaziba kila tundu, kwa sababu alisema mtu hawezi kujenga nyumba nzuri halafu akaikaribisha baridi. Tulihamia kipupwe kikianza. Mdogo wangu alikuwa hajaanza kutembea, na alikuwa na kikohozi. Mama akaleta jiko chumbani, mkaa umeshakolea vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Akafunga dirisha, akatulaza.

Asubuhi mdogo wangu hakuamka. Mimi nilikuwa na miaka kama saba. Nakumbuka kichwa kilikuwa kinanigonga, na miguu ilikataa nilipotaka kusimama. Nakumbuka mama akitapika pembeni ya banda la kuku huku amembeba mtoto, hataki mtu ampokee. Majirani walikuja, wakamgusa, wakasema ni baridi. Nyumba ya bati ina baridi, walisema, kule kwenye nyasi mlikuwa na joto. Mama alilishika neno hilo. Baridi ndiyo iliyomchukua mtoto wake, na tangu siku ile akawa na ugomvi na baridi, wa kufa na kupona.

Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye mteremko. Na kila mwaka, kipupwe kikianza, mama alichukua mundu, akakata nyasi kavu, akazipanga juu ya kile kikaburi tabaka kwa tabaka, kisha akakandamiza pembeni kwa mawe ili upepo usizipeperushe. Ikifika Septemba, joto likirudi, alikwenda kuziondoa. Kijijini walizoea. Wengine walimtania, "Mama, leo umemfunika vizuri?" Naye anajibu bila kukasirika, "Nimemfunika." Baba alifariki. Mimi nikaolewa huku Mbeya, nikabaki mtoto wake pekee. Nywele zake zikawa nyeupe, na zile nyasi hazikukosa hata mwaka mmoja.

Ukweli niliupata kliniki, nimempakata binti yangu akiwa mchanga kabisa. Nesi alikuwa anatufundisha kinamama kwenye mabenchi. Akasema mkaa uliokolea ndio wa kuogopa, kwa sababu hauna moshi wa kukufukuza. Una hewa isiyoonekana wala kunukia, na chumba kikizibwa, hewa hiyo inaua watu usingizini. Akataja dalili zake: kichwa kugonga, kutapika, miguu kuisha nguvu. Wenzangu walikuwa wanapiga miayo. Mimi niliona banda la kuku na mama ameinama. Mungu wangu! Ikabidi mwenzangu anishikie mtoto.

Sasa ningefanyaje? Nipande basi mpaka Iringa nikamwambie mama kwamba haikuwa baridi? Kwamba ni lile jiko alilolibeba kwa mikono yake, kwa mapenzi? Sikuweza. Nilichofanya, nilimpeleka fundi nyumbani kwake, nikamdanganya mama kwamba chumba chake kinavundisha nguo, fundi akatoboa matundu ya hewa juu ya dirisha. Mama alinilaumu mwaka mzima kwamba nimemletea upepo. Nikajifanya sisikii. Tangu hapo nimeishi na hofu mbili: jiko lisimuue mtu wangu, na mama asijue.

Mwaka jana hofu hizo mbili zilikutana ndani ya nyumba yangu.

Binti yangu alijifungua mwanzo wa Julai, mtoto wa kiume, mdogo lakini mzima. Mumewe kazi yake iko Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, anakuja siku za mapumziko tu, kwa hiyo tulikubaliana mzazi akae kwangu. Kijana ana moyo mzuri. Kabla mtoto hajaja alitengeneza chumba kile cha nyuma: dari la jipsamu, dirisha la alumini, mlango mpya unaokaa kwenye fremu bila kuacha hata upenyo wa kisu. "Mama," akaniambia akijipigapiga kifua, "humu baridi ikitaka kuingia itabidi ibishe hodi." Nikamshukuru. Nikaenda chooni nikakaa huko mpaka moyo uliporudi mahali pake. Nilikuwa nimemsikia baba.

Halafu mama akafika. Kwetu mzazi hawezi kuachwa bila mama mtu mzima wa kumwangalia, na mama asingekubali kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine wakati yeye bado anapumua. Alishuka na mfuko wa unga wa ulezi, blanketi zito, na visweta alivyovifuma kwa mkono. "Kamwene!" akaita getini kwa Kihehe chake, sauti ile ile ya shambani. Akanawa, akaingia kwa mzazi, akaufunua mguu wa mtoto na kuugusa kwa nyuma ya kidole.

"Huyu ana baridi," akasema. "Jiko liko wapi?"

"Shikamoo bibi," binti yangu akasema kitandani, anacheka. "Hata salamu?"

"Marahaba mjukuu wangu. Jiko liko wapi?"

Nikamwambia jiko la nyumba hii haliingii chumbani. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa nyumba hii hawali ugali.

"Mama, ni uchafu tu wa majivu," nikasema. "Na moshi."

"Mkaa uliokolea una moshi?"

"Hauna, lakini—"

"Wee mtoto, usinitie wazimu. Sisi tumelala na moto tangu enzi za bibi yangu. Nani alikufa?"

Niligeuza uso nikajifanya natafuta nepi.

Basi nikaanza vita yangu kwa upole, mimi nisiye mpole. Nilipanga siku nzima ili baridi isipate nafasi na jiko lisipate kisingizio. Asubuhi jua likigonga baraza, mtoto analetwa juani, amevuliwa kofia kidogo tu. Akirudi ndani, tunamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, juu yake kitenge na sweta, tunapokezana: mama yake, mimi, na mama yangu. Mchana nachemsha maji jikoni, natia kwenye chupa, navisha chupa soksi za baba wa mtoto, naziweka miguuni pa mzazi. Jioni jiko nje, dirisha kiganja, naongea kwa sauti. Mama alishika zamu zake vizuri, hilo siwezi kumnyima. Akimfunga mtoto kifuani alikuwa anakaa kimya kabisa, macho amefumba. Lakini jioni nikibeba jiko kwenda uani alikuwa ananifuata kwa macho mpaka mlangoni, na kila jioni alisema neno lile lile, "Utamuua mtoto kwa baridi."

Usiku nilikuwa nalala masikio yako chumbani mwao. Nikisikia mtoto amelia nashukuru. Nikisikia kimya napitia mlangoni mwao kujifanya natafuta kitu. Binti yangu akachoka, "Mama, umepoteza nini humu?" Nikamwambia mkasi. Siku mbili tatu nilikuwa natafuta mkasi ule ule.

Nilitaka kumwambia yeye, angalau yeye. Nilimwambia nusu: kwamba nesi alisema mkaa una hewa mbaya, asikubali jiko liingie. Akaniitikia, "Sawa mama," kama anavyoitikia mambo yangu yote. Nusu nyingine, ya mdogo wangu, niliimeza. Niliona nikimwambia itamtoka mdomoni mbele ya bibi yake.

Siku yenyewe kulikuwa na ukungu ambao haukuondoka asubuhi yote. Jua halikugonga baraza. Mama aliamka amekunja uso, anasugua magoti. Mimi nyuzi za bluu zilikuwa zimeniishia na masweta ya watu yalikuwa yamesimama, nikaona niende Mwanjelwa mara moja nirudi. Kabla sijatoka nililitoa jiko nikaliweka uani, nikaacha chupa za maji ya moto tayari, nikamwambia mama, "Nakuomba. Jiko likae nje."

"Nimekusikia," akasema.

Na kweli alikuwa amenisikia. Mama si mtu wa kusema uongo. Amesikia tu.

Sokoni nilichelewa. Muuza nyuzi hakuwa na rangi niliyotaka, nikazunguka, nikabishana, nikajisahau. Nilifurahia hata, maana nilikuwa sijabishana na mtu wa nje siku nyingi. Wakati wa kurudi ndipo hofu iliponishika. Sijui kwa nini. Nilikodi bajaji, nikamwambia dereva aharakishe. Akaniuliza, "Mama, kuna msiba?" Nikamfokea.

Nilipofungua geti nilitazama kwanza chini ya mpera. Matofali yalikuwa matupu.

Nyuzi zilianguka hapo hapo. Ndani kimya. Mlango wa chumba cha nyuma umefungwa, na chini yake, kwa ndani, mtu alikuwa ameziba kwa kanga. Niliona ncha yake imetokeza. Niliusukuma mlango ukakwama kwenye kanga ile, nikausukuma kwa bega. Joto likanipiga usoni, joto zuri kabisa, la kukufanya utake kulala. Jiko lilikuwa katikati ya chumba, jekundu, bila moshi. Binti yangu amelala chali kitandani. Mama ameketi chini, mgongo ukutani, kichwa kimeangukia begani, na mtoto amefungwa kifuani pake.

Nilipiga yowe ambalo mpaka leo majirani wananisimulia. Nilifungua kitenge, nikamchomoa mtoto. Alikuwa amelegea. Kichwa kiliangukia mkononi kwangu na hakikupinga. Nikatoka naye mbio mpaka uani, kwenye ukungu, kwenye baridi ile ile, nikamvua kofia, nikampuliza usoni, nikamsugua mgongo, nikamwita kwa kila jina la Mungu ninalolijua. Dereva wa bajaji alikuwa hajaondoka. Alipita kando yangu akaingia ndani, akamburuta binti yangu kwa mabega mpaka barazani.

Mtoto alikohoa. Kikohozi kidogo, kama cha paka. Kisha akakunja uso na kulia, na mimi nikakaa chini kwenye udongo, nikalia naye, kwa sauti kubwa kuliko yake.

Mama alitoka mwenyewe. Alitambaa ukutani, mkono mmoja mbele ya mwingine, mpaka kwenye ngazi ya baraza. Pale magoti yakamwisha, akainama pembeni, akatapika.

Bajaji ile ile ikatukimbiza hospitali. Waliwawekea hewa ya oksijeni, mzazi na mtoto kwanza, halafu mama. Daktari alikuwa kijana mpole. Akaniambia tumewahi, mtoto atakuwa salama, wamlaze kidogo wamwangalie. Nilikuwa namsikia kwa mbali. Macho yangu yalikuwa kwa mama. Walipomtoa ile mipira puani aliomba kukaa kwenye benchi la nje, nikakaa naye. Ukungu ulikuwa umeanza kuondoka. Alikuwa amekishika kichwa kwa mikono yote miwili, anakibonyeza kama mtu anayepima tikiti.

"Kichwa hiki nakijua," akasema.

Nikavuta kanga yake nikamfunika magoti.

"Na hii miguu. Imekataa hivi hivi." Akaipapasa. "Na nilitapika. Pembeni ya banda la kuku."

"Mama, pumzika kwanza," nikamwambia. "Utaongea baadaye."

Aligeuka akanitazama. Sijawahi kuogopa kitu maishani mwangu kama nilivyoyaogopa macho yale.

"Ulijua lini?"

"Siku nyingi, mama."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini?"

Alifikiria swali langu, akalifikiria kweli, mpaka nesi akaja na kuondoka. Halafu akaitazama mikono yake, akaiweka chini ya kanga, akaificha. Hakulia. Ningeshukuru kama angelia.

Tuliporudi nyumbani mama hakumshika mtoto tena. Binti yangu alimbembeleza, "Bibi, nipokee nikaoge." Akajibu, "Mpe mama yako." Chakula alikuwa anakigusa tu. Alikaa barazani tangu asubuhi, hata upepo ukivuma, hataki blanketi. Hakumlaumu mtu. Binti yangu, aliyefunga mlango ule kwa sababu bibi alimwambia afunge, alikuwa analia peke yake, na nilipomsimulia habari yote ya mjomba wake alilia zaidi. Mimi niliamka kila asubuhi nikiwa na hofu mpya: nitamkuta mama amekufa, na amekufa kwa kuamua. Nilikuwa nakwenda kwenye mlango wake nasikiliza kama nilivyokuwa nasikiliza wa mtoto.

Sikujua la kufanya. Ile ya kupanga maneno ya faraja mimi sina. Nina kazi ya jioni tu, basi. Kwa hiyo jioni moja Agosti ikianza, jua likiegemea, nilikwenda barazani nikamwekea vitambaa vya jiko magotini.

"Mgongo unaniuma," nikasema. "Litoe wewe."

Alivitazama. Nikaona amekasirika, na nilifurahi kumwona ana hasira, maana ni kitu.

"Unanituma mimi? Jiko?"

"Nakutuma wewe, mama. Nani mwingine?"

Nikarudi kwenye mashine, nikafuma upuuzi, nikaja kuufumua wote. Baadaye nilisikia miguu yake ikipita jikoni, polepole. Nikasikia mlango wa uani. Akakaa huko muda mrefu. Nilisimama dirishani nikachungulia: alikuwa amesimama juu ya lile jiko, mikono nyuma, analilinda mpaka mkaa ukawa jivu. Kisha akaingia, akafungua dirisha la kila chumba, akapima kwa kiganja chake. Akapita sebuleni akasimama mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini sana, "Jiko nje."

"Haya mama," nikamjibu.

Ikawa hivyo kila jioni. Upepo wa Agosti ukaja na vumbi lake, tukafunga vichwa, jiko nje. Akaanza kumalizia uji. Joto likarudi, watu wakaacha kununua masweta, nikakaa bila kazi na hasira zangu, jiko nje. Siku moja nikakuta mtoto amelala mapajani pake. Binti yangu alikuwa amemwacha hapo bila kuuliza, akaondoka. Mama alikuwa ameinua mikono yote hewani, haimgusi, kama mtu aliyemwagiwa kitu. Nilipopita mara ya pili, mkono mmoja ulikuwa umeshuka.

Lakini Septemba ilipita na hakutaja kurudi Iringa kuondoa nyasi. Hilo lilinitisha. Mwaka huo alizipanga mwezi wa sita kabla hajaja kwetu, kama kawaida yake, na sasa joto limefika na zile nyasi zipo bado juu ya mtoto. Niliogopa kumkumbusha. Akarudi kwao mvua za kwanza zilipoanza, kupanda mahindi. Kila jioni akanipigia simu, neno moja, "Jiko nje," nami namjibu, "Haya mama," anakata. Masika yote hayo. Watu wakisikia wanadhani tumegombana.

Jirani yake mmoja ndiye aliyenidokeza kwamba mama haendi kabisa nyuma ya nyumba. Analima upande wa mbele tu. Nyasi zimenyeshewa, zimeoza, magugu yameota juu yake.

Kipupwe cha mwaka huu kilipoanza, alipiga simu asubuhi badala ya jioni. "Njoo," akasema. Nikaacha masweta ya watu yalivyo. Ndani ya basi sikuona barabara. Nilikuwa najiuliza nitamkuta na mundu ameshakata nyasi mpya, amerudi kwenye baridi yake kwa sababu ukweli wa jiko haubebeki, au nitakuta amelala hawezi kuamka. Kila nililolifikiria liliniogopesha.

Nilimkuta amesimama mlangoni, amevaa sweta, anatetemeka kidogo. Mundu haukuwepo. Alikuwa ameshika reki. Hakunipa hata maji. Akanishika mkono, tukazunguka nyumba, tukateremka taratibu kwa sababu ya magoti yake, mpaka kwenye kile kikaburi. Zile nyasi zilikuwa zimeshikamana, nyeusi, nzito, zimeganda juu ya udongo. Upepo ulikuwa unauma kweli. Nikavua mtandio wangu nimfunike mabegani, akakataa.

Alisimama hapo. Nikasubiri.

"Toa," akasema.

"Baridi ndiyo imeanza, mama," nikamwambia, sijui kwa nini, labda nilitaka kumwachia njia ya kurudi.

"Toa zote," akasema, akapiga magoti, akaanza kung'oa kwa mikono yake. "Mwache apumue."